Zamu ya Maji kwa Mitende Iliyokatwa

Nakumbuka, mwanangu, ilikuwa saa kumi na dakika kumi, tumetoka tu kusali alasiri hapa Ibra, simu ikalia mfukoni, ujumbe umeingia. Vyeti vyangu viwili vya mwanzo vya kompyuta, cha ufundi wa mashine na cha misingi ya mitandao, vingemaliza muda wake mwisho wa mwezi. Kuvihuisha, riali mia moja na thelathini.

Fedha hizo nilikuwa nazo, ila nilikuwa nimeziwekea mtihani wa usalama wa mitandao, na bila mtihani ule nisingepanda cheo kazini kwangu Nizwa. Ningelipia vya zamani, kipya kingengoja mwaka mzima.

Utasema uamuzi ni mwepesi. Lakini vyeti vile vilitundikwa majlisi, chumba cha wageni. Baba, ambaye masomo yake yalikatikia Unguja, alivitilia fremu, na mgeni hapewi finjani ya kahawa mpaka avitazame. Kuviacha vife niliona ni kumvua mzee kilemba mbele za watu. Tena nikajiambia, usiache mbachao kwa msala upitao.

Nikamkuta shangazi yangu, Bi Zuwena, anachambua tende.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjana kama kofia iliyokosa pasi?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka sinia chini.

"Marehemu ami yako Nasor alikata mitende yake, akajenga duka. Lakini kila mnada wa maji ya mfereji wa falaji yumo, anakodi zamu ya kunyweshea mitende ile ile, ati babake alikuwa akiikodi. Maji yakizunguka duka yakenda kwa jirani. Jirani naye kila msimu humletea kikapu cha tende, na shukrani juu! Ami yako akizila kwa raha, hajui kazinunua mwenyewe."

"Na baba je? Ataona haya."

"Umemwuliza, au unamfikiria tu?"

Sikuwa nimemwuliza. Nikaenda. Nikamweleza, baba akaunyooshea kidole ukuta wenye vyeti.

"Muda ukesha, watakuja kuviondoa hapa?"

"Hapana, baba."

"Na uliyosoma?"

"Ninayo."

"Basi vibaki. Mimi nilitundika kufaulu kwako, sikutundika tarehe." Kisha akasogeza fremu moja kidogo. "Hapa pembeni pataka kingine."

Hata hivyo, sikutenda kwa maneno matamu peke yake. Asubuhi nilimwuliza mkuu wangu wa kazi kama vile vya mwanzo vinahitajiwa bado. Akasema hapana, ngoja nikuone na kile cha juu.

Mwanangu, najua nawe ujumbe kama ule umekufikia, na najua unavyouma. Kama hujapata kazi, na mlango unaoubisha unaitaka karatasi hiyo, lipia, tena kabla muda haujapita, maana ukichelewa huenda ukarudia mtihani mzima. Lakini kama umekwisha kuupita mlango huo, usinyweshe mitende iliyokatwa. Uliza kwanza wanaokuajiri, kisha waulize wale unaoogopa kuwaaibisha. Pengine hawana habari na aibu hiyo.

Mola akufungulie njia, akuzidishie elimu isiyokwisha muda, na wazee wako wapate cha kuwaonyesha wageni. Pale pembeni pa ukuta wa baba pana fremu ya tatu, ya cheti cha usalama wa mitandao. Niliilipia kwa zile zile riali mia moja na thelathini.