Munyu Kwenye Gunia la Saga

Nikipita karibu na jikoni nikasikia harufu ya majivu yaliyoloa, najua mtu anachuja munyu, na mawazo yangu hurudi mtaa wetu wa Matisi. Kama hukulelewa pande zetu za Kitale na Bungoma, nikueleze. Maganda ya maharagwe huchomwa, majivu yakatiwa kwenye mkebe uliotobolewa chini, kisha maji yakamwagwa juu. Yale yanayodondoka, mekundu kama chai isiyo na maziwa, hutiwa kidogo kwenye mboga za kienyeji. Zinalainika, uchungu unapungua.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Kila Jumamosi vijana wa mtaa tulifundishwa kilimo cha magunia nyuma ya kanisa na Mwalimu Barasa, mtu wa Sirisia asiye na haraka. Kila mmoja alijaza gunia udongo na mbolea ya ng'ombe, akapanda mboga juu na ubavuni. Nusu ya mavuno ilikuwa ya kwenu, nusu ya nyumba isiyo na mahali pa kupanda. Gunia likifa, ulimpisha kijana mwingine anayengoja nafasi.

Rafiki yangu Naliaka alimlimia Mama Brayo, mpangaji aliyekuwa na mtoto mchanga. Mama Brayo akalalamika kwamba saga, ile mboga ya mgagani, ilikuwa chungu. Naliaka akafikiri kama mjukuu yeyote wa Bungoma: kama munyu unaituliza saga kwenye sufuria, si utaituliza zaidi ukianzia kwenye mizizi? Akamwagia gunia mkebe mzima. Jumamosi iliyofuata majani yalikuwa ya kahawia, kama yaliyopitiwa na moto.

"Ati umepikia mboga shambani?" Wekesa akamcheka. "Si ungeongeza nyanya, bana."

Naliaka hakucheka. "Mwalimu, nani anachukua nafasi yangu?"

Mwalimu akashika udongo, akaunusa. "Munyu ni wa sufuria. Mizizi unaichoma. Lakini gunia halijafa, ni udongo umeharibika. Mwaga, ujaze mwingine, upande tena." Kisha akatugeukia sote. "Sasa niambieni, Mama Brayo atakula nini leo?"

Jibu lilikuwa kwenye nusu za kwetu. Mimi niliwaza ugali wetu wa jioni. Wekesa, yule yule wa mzaha, ndiye aliyeanza kuchuma managu yake, mboga ambayo wengine huiita mnavu. Tukafuata.

Mimi na Naliaka tukapeleka fungu. Mama Brayo akaligeuza mkononi.

"Hii mmechanganya. Mboga ya gunia langu iko wapi?"

Naliaka akamweleza yote. Mama Brayo akauliza kama udongo mpya umeshatiwa, akasema safari hii apandiwe managu. Asante hakusema.

Njiani nilinung'unika kwamba mama yule hana shukrani. Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha vijana kupanda, na nimeona watu wengi wakipokea chakula huku wameinamisha macho, wakishukuru hata kwa mboga iliyonyauka. Ndipo nikaelewa kwamba Mama Brayo hakuwa akipokea msaada siku ile. Alikuwa akiulizia shamba lake.