Meno Yaonekana, Macho Yasionekane

Wiki iliyopita nilipita Malindi ya Unguja, mbele ya nyumba ya jirani yetu wa zamani, ambayo sasa ni hoteli. Barazani mgeni mmoja wa kike alikuwa akimwambia mwanawe aliyekuwa akicheka: gin ngaa m gin ngaan. Nikasimama. Tangu utotoni sijamsikia mtu akiyatamka maneno hayo mtaani kwetu.

Jirani yetu alikuwa Mchina mzaliwa wa Unguja. Mumewe alinunua majongoo ya bahari kwa wavuvi, akiyachemsha na kuyaanika juu ya paa, na harufu yake, wewe, iliingia mpaka kwenye chai yetu. Ndani mwao wakisema Kikantoni. Nilikuwa nikimsaidia jirani kuchagua mchele, naye akinifundisha nyuso. Aliyeogopa, kwao, ana uso wa kijani na midomo myeupe. Aliyenuna ana uso mweusi na mdomo mweusi. Mwenye majonzi ana uso wa karela, lile tunda chungu lenye makunyanzi. Anayefurahi kweli hucheka meno yakaonekana, macho yasionekane. Ndiyo hiyo gin ngaa m gin ngaan.

"Tazama macho," akiniambia. "Meno kila mtu anaweza kuyatoa."

Siku moja bibi yangu alirudi sokoni amekunja uso, nikamwambia ana uso wa karela. "Karela babu yako," alisema, kisha akacheka hadi akashika ukuta, macho yakapotea kabisa. Nikakimbia kwa jirani kumpa habari.

Mwaka uliofuata jirani na mumewe walihamia kwa watoto wao, ng'ambo. Tuliwasindikiza bandarini, bibi amewabebea mkate wa kumimina. Nilimuuliza jirani atarudi lini. Uani kwake alikuwa ameacha mkarela alioupanda mwenyewe.

"Ntarudi kabla haujazaa," alinijibu. "Utaumwagilia?"

"Naam."

Akacheka, meno yote nje. Nikamtazama macho. Yalikuwa wazi, makubwa, yananitazama.

Njiani bibi alisema jirani kaondoka na furaha zake. Mkarela niliumwagilia vilevile. Ulipozaa, bibi alizipika karela kwa nazi, nikala bila kuuliza kitu.

Sasa juu ya paa kuna viti vya wageni, na bibi hayupo. Kikantoni nimejifunza mwenyewe kwa simu, taratibu, kila baada ya sala ya alfajiri. Maneno ya nyuso ninayo mengi kuliko aliyonipa jirani, na mtaani sina wa kumwambia hata moja.

Yule mgeni aliponiona nimeganda pale mbele ya baraza alinitabasamia kwa adabu. Nami nikamrudishia meno.