Baba kanisikia nikiusifu mvinyo

Leo babangu kaniona mlevi, na mie sijapata kuonja hata tone.

Kaja hotelini ninapohudumu mezani, hapa Nizwa, Omani, kuniletea simu niliyoisahau nyumbani. Kanikuta nawaeleza wageni kwa Kiingereza: mvinyo huu mweupe wa Alsace, Ufaransa, una ukali kama wa ndimu, unakata mafuta ya nguru wa kukaanga.

Kiingereza anakijua. Kasoma Unguja, zamani hizo.

Nikamkimbilia mlangoni. "Shikamoo, baba."

Hakuitika.

"Ladha yake umeijuaje?"

"Wallahi sijaonja, baba! Nakariri tu wanayosema wageni."

Kaitoa simu mfukoni. Nikadhani yamekwisha.

"Kumbe unawadanganya watu."

Kanipa simu, kenda zake.

Simu ninayo mkononi. Nimpigie nimwambie nini, jamani?