Kumbukumbu Namba ya Barua Isiyo na Jina

Kwenye semina walitupa chai na maandazi, wakatuambia mtumishi anayetoa taarifa za uovu analindwa na sheria. Nilipiga makofi na wenzangu. Mimi ni afisa mifugo wa kata huku Buger, na wakati huo sikuwa na uovu wowote wa kuripoti.

Miezi michache baadaye mkuu wangu pale Karatu alinikabidhi chupa za chanjo ya ng'ombe zilizokwisha muda, pamoja na spiriti na pamba. "Futa tarehe. Jumatatu ya mwisho wa mwezi zianze kazi," alisema. Sikufuta. Niliandika barua kwa wakubwa wa mkoa, Arusha, bila kutaja jina, nikaituma nikijiona mjanja.

Mjanja gani! Miaka kumi na moja serikalini imenifundisha kwamba barua bila kumbukumbu namba si barua. Kwa mazoea niliiweka juu kabisa, pembeni: namba ya jalada la ofisi yangu mwenyewe. Nilikumbuka siku mbili baadaye nikipalilia mahindi. Nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Alhamisi, siku chache kabla ya Jumatatu ile, mkuu aliniita. Barua ilikuwa mezani kwake, imeteremshwa kutoka Arusha "kwa hatua zako". Ile namba ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Kuna mtu ananichafua, dada. Nichunguzie. Kesho nataka jina lake kwa maandishi."

Alitabasamu. Alikuwa ameshajua. Alitaka nijikane, au nimsingizie mwenzangu. Niliogopa mpaka nikashindwa kufungua mlango, akaja kunifungulia yeye.

Ijumaa asubuhi nilikaa ofisini kwangu na karatasi nyeupe. Nilifikiria kuhamishwa, kufukuzwa, ada za watoto. Nikamfikiria na jirani yangu mwenye ng'ombe mmoja tu, ambaye hajawahi kuniuliza kwenye chupa kuna nini.

Nikaandika kwamba mwandishi ni mimi, na kwamba chupa za Jumatatu zimekwisha muda. Nikaweka jina kamili, sahihi, na kumbukumbu namba ileile. Chini, kama tunavyofanya siku zote, nikaorodhesha nakala: jalada, na ubao wa matangazo wa kijiji.

Ya ubaoni niliibandika kwanza. Pini ilianguka mara mbili. Yule jirani alikuwa akipita. Aliiokota, akanishikia karatasi, na akaanza kusoma.