Amina Iliyomponyoka

Siku ya Krismasi, katika foleni ya duka la dawa pale Adams Arcade, Ngong Road, mama mmoja aliyesimama mbele yangu alijiandaa kumpigia simu mwanawe mmisionari, aliye katika nchi ambako kuhubiri ni jinai. Binti yake alimshika mkono.

"Mama, tafadhali, leo usimalize na maombi. Wanaweza kuwa wanasikiliza."

"Sasa nitamalizaje? Sijawahi kukata simu ya mtoto bila kumwombea."

"Mwambie tu akule vizuri."

Kijana alipokea, sauti yake ikasikika kwenye spika. Mama aliuliza habari za baridi, akamsimulia juu ya kuku aliyechinjwa, kisha akajiziba mdomo kwa leso, kama anayezuia chafya.

"Haya, baba. Ukule vizuri."

"Amina," kijana akajibu, kwa mazoea.

Simu ikakatika. Binti alipiga tena mara tatu, haikupokelewa. Mama alifumba macho, midomo ikicheza bila sauti, kana kwamba hata Ngong Road ina wapelelezi.

Wiki jana nililalamika katika safu hii kuhusu vipaza sauti vya kanisa lililo jirani yangu. Nayafuta malalamiko hayo. Waviwashe.