Kopo la Kwezi Huko Mwezini

"Siweki! Hata aje na gunia zima, siweki!"

"Bibi, ni neno moja tu. Pale mtoto anapoamka huko mwezini, mama yake anamkorogea uji. Wewe unasema uji wa Theluji. Imeisha hiyo."

"Haukuwa uji wa Theluji. Ulikuwa uji."

"Bibi, huo uji haupo! Mwezini kwenyewe hakuna mtu! Umeutunga wewe, umekaa hapo hapo kwenye kigoda!"

"Ndiyo maana najua ulikuwa wa nini."

Elisifa akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Watu wa Masama wanasema mlio ule ulivuka migomba yote ukaenda kulia hadi Mkuu, kule Rombo, na mama mmoja akakimbia kuanua nguo akidhani ni radi. Labda ni kweli, labda walikuwa na mengine masikioni. Lililo la hakika ni kwamba ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya bati, na saa nne angeingia mtu ambaye kwa kauli yake moja kazi ya Kindness ingeinuka au ingezikwa.

Kindness ni mjukuu wake. Miezi mitatu nyuma aliacha kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Soweto, pale Moshi mjini, akapanda kwa bibi yake na simu na daftari. Alitaka kutengeneza mchezo wa redio kutokana na hadithi za Bibi, na msimulizi awe Bibi mwenyewe. Elisifa hakuwahi kukalia dawati la shule hata siku moja, lakini alivuta pumzi akaanza. Mwaka elfu mbili mia mbili na ushee, vihamba vya Wachagga, yale mashamba ya ukoo, vimegawanywa hadi kila mtoto anarithi mgomba mmoja na nusu. Basi watu wanafunga safari kwenda mwezini kutafuta shamba. Wakifika tu wanapanda masale kuweka mipaka, na kabla hawajafungua mizigo, kesi mbili za mpaka zimeshamfikia mchungaji.

Vijana wanne wa Soweto waliigiza. Sehemu sita zikakamilika. Redio ilikubali kuurusha, mradi apatikane mfadhili, na mfadhili akapatikana: Krunal, mwenye kinu cha unga wa Theluji mjini. Alisikiliza sehemu zote sita, akacheka, akamsikilizisha na mama yake. Kisha jana akatuma ujumbe.

"Hadithi nzuri sana. Lakini hao watu wanakula na kunywa, na unga wetu haupo. Miaka mia mbili mbele sisi tumekufa? Theluji ikiwepo, nasaini. Isipokuwepo, tuachane kwa amani. Nakuja kuongea na bibi mwenyewe."

Kindness alikuwa ameusoma ujumbe ule mara nyingi mpaka simu ikapata joto.

"Wewe," alisema sasa, akizunguka meza ya jikoni, "wewe ulimwambia mchungaji kwamba ulipanda Kibo ukiwa na mimba ya baba, ukashuka umembeba mgongoni. Kanisani, Bibi! Watu wakasema amina! Leo neno moja la unga ndilo linakushinda?"

"La baba yako halikumuumiza mtu."

"Ulisema chui alikuja kukuazima sukari!"

"Na alirudisha kikombe."

"Basi na hili sema hivyo hivyo, kwa uso huo huo! Nimeacha kazi, Bibi. Wale wenzangu wameacha vibarua vyao. Nikirudi Soweto nitawaambia nini? Kwamba bibi yangu anadanganya kila kitu isipokuwa uji?"

Simu ikalia kwenye meza. Kindness akaisoma. "Amefika Kwa Sadala. Anaanza kupanda."

Elisifa aligeuza kiburu kwenye sufuria, ndizi na maharage na magadi kidogo, kwa sababu aliambiwa mgeni hali nyama. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu jeupe kuzunguka kifundo, kama bangili. Kovu lile alilisimulia kwa namna saba. Kuna siku lilitokana na mamba, kuna siku na malaika aliyemshika kwa nguvu.

"Hili ni mafuta ya moto," alisema ghafla.

"Nini?"

"Kovu. Mafuta ya Kwezi. Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Kindness akakaa. Sauti ya Bibi ilikuwa imeshuka, na hilo lilimtisha kuliko makelele.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilishuka Moshi nikaajiriwa kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia, karibu na reli. Kwezi. Kopo jekundu, lina yule ndege mwenye mabawa ya buluu. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya vifuniko. Kushoto kwangu alikuwa Lukresia, mtu wa Rombo. Tulipanga chumba kimoja, kitanda kimoja, kanga moja ya kutokea, atakayewahi kuamka ndiye anayevaa. Miaka kumi na moja. Kila chungu cha mlima huu kilinuka Kwezi."

"Hii hujawahi kunisimulia."

"Kwa sababu si hadithi. Nyamaza. Mwaka mmoja malori yakapungua. Lukresia akapata nafasi ya kuchambua kahawa, kwingine, lakini ajibu kabla ya Ijumaa. Akaniuliza, Elisifa, nihame? Siku hiyo hiyo mwenye kiwanda alipita kwenye mashine zetu na suti yake. Akasema, jamani, watu wataacha kula? Kwezi itakuwepo hata wajukuu wenu wakihamia mwezini."

Kindness akainua uso. "Mwezini?"

"Ulidhani niliutoa wapi huo mwezi?" Elisifa akaupunguza moto. "Nikalibeba neno lile nikampelekea Lukresia. Na unanijua mimi, siwezi kubeba kitu kikafika kilivyo. Nikamwambia kuna mashine mpya zimeletwa, ziko stesheni, kwenye makreti, nimeyaona kwa macho yangu."

"Makreti mangapi?"

"Nilimwambia arobaini."

"Na uliyaona mangapi?"

"Hata moja."

Manyunyu yalizidi juu ya bati. Nje, jogoo aliyelowa alijibanza chini ya dirisha.

"Akaikataa kahawa. Wiki ya tatu, Jumatatu, tukakuta mnyororo getini. Lukresia alisimama pale na kibakuli chake cha chakula. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alipanda basi la Rombo, hakugeuka. Nilipata ujasiri nikiwa na watoto watatu tayari. Nikachuma jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa lazima asamehe, nikalifunga vizuri, nikaenda nalo hadi Mkuu kumwomba msamaha. Nikaambiwa tumemzika, leo siku ya tisa." Akaweka mwiko chini. "Nikarudi nalo. Yule mtu wako anataka niwaambie watu redioni kwamba jina lake litaishi. Na kwenye kinu chake kuna wasichana kwenye mashine, kushoto na kulia. Nao wana redio."

Simu ikalia tena.

"Gari limegoma kupanda," alisoma. "Ameliacha kwa mzee Filemon. Anatembea." Akasimama, akakaa, akasimama tena. Kutoka kwa mzee Filemon ni dakika kumi, na kwa matope yale labda kumi na tano. Alitazama mlango, alitazama sufuria, na mwisho macho yake yakaangukia maharage yaliyobaki. Yalikuwa ndani ya kopo kuukuu kwenye kona ya meza. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka karibu yote. Ubavuni lilibaki bawa moja la buluu na jicho moja la ndege, likimkodolea.

Akalivuta kopo mbele ya Bibi.

"Hili nini?"

"Una macho."

"La kazi gani?"

"La kupimia. Kwani umezaliwa leo?"

"Juzi mama Ruth wa hapo chini alikuja kuchukua maharage. Alisemaje?"

"Alisema nipimie kwezi mbili."

"Sokoni wanasemaje?"

"Kwezi. Kwezi ya mahindi, kwezi ya ulezi, iliyojaa mpaka ina kichwa. Unataka nini wewe?"

"Mama Ruth amewahi kula mafuta ya Kwezi?"

"Ale wapi? Kiwanda kilikufa hata mama yake hajaolewa."

"Basi anadhani kwezi ni nini?"

Elisifa alitaka kujibu. Mdomo ulikuwa tayari, ulimi ulikuwa tayari, na jibu halikuja. Tangu Wajerumani waondoke mlimani haijawahi kutokea mwanamke yule akakosa la kusema, na siku ile ilitokea, kwa muda wa kutosha kuchuma kikapu cha kahawa.

"Anadhani ni kipimo," alisema mwishowe.

"Kwa hiyo yule mwenye kiwanda hakudanganya."

"Alidanganya! Alisema Kwezi itakuwepo. Hakusema litabaki kopo, na sisi hatumo." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaligusa, na kidole gumba kilipita juu ya lile bawa la buluu. Kifuniko cha kopo lile, huenda, alikibana yeye. Huenda Lukresia ndiye aliyelisogeza. Akakaa na wazo hilo kidogo, kisha jicho lake la kushoto likaanza kucheka kabla ya la kulia, na Kindness, aliyelijua jicho lile, akashikwa na hofu mpya.

"Bibi. Unawaza nini?"

"Washa simu yako, tunarekodi. Huko mwezini kuna soko. Mama anataka maharage. Anamwambia muuzaji, nipimie theluji moja. Muuzaji anajaza, anaongeza na kichwa. Na wote wawili hawajui theluji ni nini. Hawajui kama uliwahi kuwa unga, hawajui kama kulikuwa na mtu akiitwa Krunal."

"Bibi, hapo umemzika!"

"Nimemwekea jina miaka mia mbili, anataka nini tena? Ila kuna tatizo." Akainua kidole. "Unga wake uko kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko utapimia nini? Mfuko ukila mvua moja umekwisha. Nitamwambia autie kwenye kopo."

"Hutamwambia!"

"Kopo zuri, lenye chini ngumu. Halafu nitamwambia, unga utakufa, kinu kitakufa, wasichana wako waambie mapema wajitafutie na pengine. Likibaki, litabaki kopo. Hilo naweza kulisema redioni kwa sauti yangu na nikalala usingizi."

"Anakuja kutafuta tangazo, Bibi, si mahubiri ya msibani! Atageuka hapo hapo mlangoni! Sema nusu. Tafadhali. Sema la soko, la kufa liache."

"Lukresia nilimpa nusu."

Hatua zilisikika uani, nzito, za mtu anayeng'oa viatu kwenye tope. Jogoo akapiga kelele. Kindness alimshika bibi yake mkono, pale pale kwenye kovu.

"Anza na salamu," alinong'ona, machozi yakimlenga. "Anza na kiburu. Mpe ale kwanza. Bibi, nakuomba, chochote utakachosema, kumbuka nimeacha..."

"Hodi!"

Mlango ukasukumwa kwa bega. Krunal aliingia ameinama, amelowa kuanzia kichwani hadi kiunoni, tope limempanda hadi magotini. Mikono yote miwili ilikuwa chini ya mfuko wa kilo mbili wa Theluji, zawadi kwa mwenye nyumba. Karatasi ilikuwa imelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Chini ilikuwa imekwisha kufumka, na nyuma yake, kutoka uani hadi kizingitini, kulikuwa na mstari mweupe ambao jogoo alikuwa ameanza kuudonoa.

"Shikamoo bibi," alisema akihema, akijaribu kuziba kwa vidole. "Samahani sana, mvua... Kuna chombo chochote hapo niutie huu?"

Elisifa alilivuta kopo, akayamwaga maharage mezani.