Bei ya Kilo ya Chai ya Gotthard

Irmhild Trautvetter hakuwahi kumpunja mtu hata jani moja la mnanaa. Nalitanguliza hilo kwa sababu barua mbili alizopokea katika mwaka wa mwisho wa biashara yake zilimtaja kama mtu anayewaficha wanunuzi bei, na wapo mjini kwetu walioziamini.

Duka lake la chai za mitishamba lilikuwa kando ya daraja la mto Schwarza, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mumewe, Gotthard, ndiye aliyekuwa mchanganyaji. Kuanzia Mei hadi Septemba alipanda milima yetu ya Thuringia, hapa Ujerumani, kuchuma majani na maua, akayaanika darini, kisha akayachanganya kwa kuyanusa, bila kuandika vipimo popote. Wateja wa dukani walipopungua, wakafungua duka la mtandaoni, na Gotthard akaandika ukurasa wa kila chai kwa maneno yake. Hakuwa na elimu kubwa ya uandishi, ila alijua kusema na mgonjwa. Kwenye ukurasa wa chai ya kifua aliandika: "Hii haitakuponya. Itakukalisha chini robo saa, na kifua chako kinaihitaji hiyo robo saa."

Hiyo ndiyo chai aliyoibuni mwisho. Februari iliyofuata alifariki kwa ugonjwa wa mapafu.

Mjane wake aliendelea peke yake zaidi ya miaka mitatu. Chai nyingine aliweza kuzichanganya kwa kuonja na kukumbuka, lakini ya kifua ilimshinda. Zilibaki pakiti mbili. Alizifungia kabatini, akaacha ukurasa ulivyo, pamoja na bei yake na yale maandishi: "Zimebaki mbili." Mtu akiagiza, alimwandikia kwa upole kwamba imekwisha.

Barua ya kwanza ililetwa na Eberlein, tarishi wetu, mtu asiyeweza kukabidhi bahasha bila maneno.

"Weka saini hapa, Bi Irmhild. Barua ya wakili, tena kutoka Berlin! Umemwibia nani mume?"

"Ningeiba mume, ningechagua asiye na mdomo kama wako. Lete kalamu."

Wakili aliandika kwa niaba ya chama fulani cha wafanyabiashara, ambacho sheria ya kwetu inakiruhusu kuwadai wauzaji wanaokosea. Sheria, alisema, inamtaka kila muuzaji wa bidhaa zinazopimwa kwa uzito aonyeshe bei ya kilo pamoja na bei ya pakiti. Katika duka la mtandaoni la Bibi Trautvetter kulikuwa na bei ya pakiti peke yake. Alitakiwa alipe gharama za wakili na aweke saini kwenye hati ya kuahidi kwamba kosa hilo halitarudiwa maisha yake yote. Likirudiwa, atalipa adhabu iliyotajwa humo.

"Kilo!" aliniambia siku hiyo. "Nani anakunywa kilo nzima ya chai ya kifua, Mwalimu? Tembo?"

"Si ya kunywa, Bi Irmhild. Ni ya kulinganisha."

"Ailinganishe na nini? Kuna Gotthard mwingine?"

Nilimweleza, kama nilivyowaeleza watoto darasani, kwamba sheria yenyewe ni njema. Kahawa ninayokunywa miaka yote ilipunguzwa gramu hamsini, na pakiti ikabaki na ukubwa uleule na bei ileile. Nisingejua kama kibandiko cha rafuni hakingeonyesha bei ya kilo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sijapunguza kitu."

"Najua. Lakini anayenunua akiwa Hamburg hajui."

Hapo nadhani alikubali. Kosa lake lilikuja baada ya hapo, nalo ni kosa la watu wa kwetu. Sisi tuna imani kubwa na karatasi. Tukishaweka saini, tukaitoboa matundu mawili na kuipanga kwenye jalada, basi shauri limekwisha. Aliweka saini jioni ileile bila kumwuliza mwanasheria, akalirudisha jalada rafuni, akasema, "Hilo limepita."

Kwa siku tatu tulikaa jikoni kwake tukirekebisha kurasa. Mimi niligawanya na kuzidisha, yeye akaandika. Mnanaa, gramu mia kwa euro nne na nusu: kilo, euro arobaini na tano. Tulikuwa na chai thelathini na nne, tukamaliza thelathini na tatu.

Ukurasa wa mwisho ulipofunguka, aliondoa mkono kwenye kompyuta.

"Huu uache, Mwalimu."

"Bi Irmhild, nao una bei."

"Siiuzi. Nikiugusa nitaharibu kitu, mimi na mashine hizi. Maneno yake yako humu tu."

Nilijua namna ya kuongeza mstari mmoja bila kuharibu chochote. Nilijua pia kwamba hati ile haikusema kurasa thelathini na tatu. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na sikumruhusu mwanafunzi hata mmoja kuliruka swali la mwisho. Lakini nilimtazama usoni, nikafunga daftari langu.

Barua ya pili ilikuja Oktoba. Safari hii Eberlein hakufanya mzaha. Aliikabidhi, akavua kofia. Ndani mlikuwa na madai ya ile adhabu, pamoja na picha ya ukurasa mmoja, wa chai ya kifua.

Tulikwenda pamoja kwa mwanasheria wa Saalfeld, Bi Wohlfarth, mama mpole aliyeisoma hati mara mbili.

"Nani alikushauri uweke saini hii kama ilivyo?"

"Hakuna. Waliniletea, nikasaini."

"Ungekuja kwangu kwanza, tungebadilisha maneno. Sasa kilichobaki ni kuwaomba wapunguze."

Walipunguza. Kilichobaki kilikuwa sawa na mapato ya duka tangu Krismasi hadi kiangazi, na hati ingali inamfunga hadi kaburini. Njiani kurudi, kwenye treni, alisema hawezi kuishi akiogopa kurasa zake mwenyewe. Atalipa, kisha atafunga.

Siku ya kufunga aliniita baada ya chakula cha mchana. Jikoni aliweka keki ya plamu ambayo hakuna aliyeigusa. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Ikokotoe," alisema.

"Ya nini tena, Bi Irmhild?"

"Ikokotoe tu, Mwalimu. Gramu sabini na tano, euro sita."

"Themanini."

Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, chini ya maneno ya mumewe: bei ya kilo, euro themanini. Tuliusoma ukurasa pamoja. Maneno yalikuwa mahali pake, hakuna lililosogea. Ilimchukua muda usiozidi dakika mbili.

"Kumbe," alisema.

Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Aliutazama ukurasa kitambo, kisha akabonyeza alipofundishwa, na duka lote likatoweka, chai thelathini na nne na kila alichoandika Gotthard.

Akaenda kabatini, akaleta pakiti moja, akaikata kwa mkasi. Alitia maji ya moto, akageuza saa ya mchanga ya robo saa, nasi tukangoja. Chai ilikuwa imekaa miaka minne. Haikuwa na harufu, na ladha yake ilikuwa ya nyasi kavu.

"Imekufa," alisema.

Alijaza tena vikombe vyote viwili, nasi tukainywa hadi birika likaisha.